Umeme wa joto: wanaousifu na wanaoubeza wote wameshika kipimo kisicho chake

Mwaka 2023 watafiti wa Vienna, wakishirikiana na wenzao wa Japani, walichapisha matokeo kuhusu aloi ya nikeli na dhahabu inayogeuza joto kuwa umeme kwa kiwango ambacho wengi hawakutarajia metali ikifikie. Habari kama hiyo ikishatoka maabara huvaa nguo nyingine njiani. Inapofika kwa msomaji wa kawaida imeshakuwa tangazo kwamba siku za jenereta zimehesabiwa, na kando yake zinazunguka video za mtu aliyefunga waya wa shaba kwenye parafujo, akaziweka juu ya mshumaa na taa ikawaka. Upande wa pili wamejaa wanaocheka: wanasema betri ya joto, yaani jozi za metali mbili zinazotoa umeme kiungo kimoja kikiwa cha moto na kingine baridi, ni kichezeo cha darasa la fizikia, ufanisi wake hata asilimia moja haufiki, tuachane nayo. Naona pande zote mbili zimekosea, tena kwa sababu ileile. Betri ya joto ya metali si chanzo kikubwa cha umeme kilichochelewa kugunduliwa, wala si kichezeo. Ni kifaa kilichoufikia mapema sana ukingo wa uwezo wake, na ukingo huo umewekwa na sifa ileile inayoifanya metali iwe metali. Faida yake ipo katika kazi ndogo zisizotaka mtu wa kuzisimamia, na mahali ambapo joto lingehitajika hata kama umeme usingekuwepo. Anayeipima kwa kuuliza inatoa kilowati ngapi ameuliza swali la mashine nyingine.

Tuanze na historia, maana nusu ya uvumi unatokana na kutoijua. Mwaka 1821, huko Berlin, Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti zikawa pete, akapasha joto kiungo kimoja na kukiacha kingine baridi, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Mwenyewe aliamini ameona sumaku inayozaliwa na joto. Ni mwanafizikia Mdenmaki Ørsted aliyeeleza kwamba kinachozunguka ndani ya pete ni mkondo wa umeme, na sumaku ni matokeo yake tu. Miaka mitano baadaye Georg Ohm, aliyekuwa akisumbuliwa na betri za kemikali ambazo nguvu yake ilipandapanda na kushuka, alitumia jozi ya bismuthi na shaba, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Alipata mkondo uliotulia kiasi cha kumwezesha kupima vizuri, na sheria ambayo kila mwanafunzi wa umeme huikariri ikapatikana kwa njia hiyo. Kwa hiyo hiki si kitu kipya kilichofichwa kabatini. Ni mojawapo ya vyanzo vya kwanza vya umeme ambavyo wanasayansi walivitegemea, na walikitegemea kwa sababu ya utulivu wake. Nguvu hakikuwa nayo hata wakati ule.

Katika miaka ya 1870 palitokea jaribio kubwa la kukipa nguvu hiyo. Huko Paris, mvumbuzi aitwaye Clamond alitengeneza betri za joto zilizotumia aloi ya zinki na antimoni iliyoshikishwa na vipande vya chuma, mamia na baadaye maelfu ya jozi zikipangwa duara kuzunguka moto wa gesi au makaa ya koki. Zilinunuliwa na kutumika, hasa katika kazi ya kupaka metali kwa umeme, ambako kinachotakiwa ni mkondo ulionyooka, usiokatika. Ile kubwa zaidi, ya mwaka 1879, ilikuwa na urefu wa karibu mita mbili na nusu, mnara mzima wa metali na moto, na nguvu yake haikufika wati 200. Wakati huohuo dinamo ya Gramme, iliyoonyeshwa mwaka 1871, ilikuwa ikizungushwa na injini za mvuke na kutoa umeme mwingi zaidi kwa kiasi kilekile cha makaa. Wanaosema kwamba kampuni za umeme ziliizika betri ya joto wangeanzia hapa. Ilishindwa sokoni mchana kweupe, na kilichoishinda ni bili ya makaa. Kwa hoja hiyo ya njama sina zaidi.

Sasa tuiangalie kwa karibu, maana tarakimu zake ni rahisi na zinamaliza ubishi mwingi. Chukua waya wa chuma na waya wa konstantani, ile aloi ya shaba na nikeli inayotumika kwenye vipima-joto vya viwandani. Zisokote ncha zake mbili pamoja, uziweke kwenye mwali, na ncha za upande wa pili uziunganishe na mita. Jozi hii hutoa takriban maikrovolti 52 (maikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti) kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya halijoto. Ukipata tofauti ya nyuzi 400, mita itasoma kama milivolti 21. Inapendeza kuiona tarakimu ikipanda pale mwali unapogusa kiungo na kushuka ukiuondoa, lakini ni milivolti 21 tu. Taa ndogo nyekundu ya LED inataka karibu volti 1.8, yaani jozi zisizopungua 85 zote zikiwa na tofauti hiyohiyo ya nyuzi 400. Kuchaji simu kwa volti 5 kunataka jozi 240 kabla hujaunganisha chochote, na ukishaunganisha ukitaka upate nguvu ya juu kabisa, nusu ya volti hubaki ndani ya betri yenyewe, kwa hiyo hesabu inakuwa jozi 480. Mshumaa mmoja hauwezi hata kuzigusa zote. Ukiona parafujo moja na waya mmoja vimewasha taa, tafuta betri iliyofichwa chini ya meza.

Hata hivyo jozi hiyo dhaifu kwa volti ni hodari kwa ampea, jambo ambalo wabezaji hulisahau. Waalimu wa fizikia wana onyesho la zamani: pete nene ya shaba yenye kipande cha metali nyingine katikati, upande mmoja unaunguzwa kwa moto na mwingine umezama kwenye maji baridi. Volti ni chache mno, lakini ukinzani wa pete ni mdogo kiasi kwamba mkondo hufika makumi ya ampea na hata kuzidi mia, na sumaku-umeme inayozaliwa hunyanyua uzito wa kilo kadhaa. Nguvu yote, ukizidisha volti kwa ampea, bado ni kidogo. Lakini onyesho hilo linaonyesha kwamba tatizo la metali si kukosa mkondo. Tatizo ni kwamba kile kinachoupitisha mkondo hupitisha na joto.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Betri ya joto nzuri inahitaji mambo matatu kwa pamoja: volti nyingi kwa kila nyuzi, ukinzani mdogo wa umeme, na upitishaji mdogo wa joto, ili upande wa moto ubaki wa moto na wa baridi ubaki baridi. Wanafizikia huyakusanya mambo hayo katika tarakimu moja wanayoiita ZT. Ikifika 1 wanaridhika, ikivuka 2 wanashangilia. Katika metali, elektroni ni mchukuzi mmoja aliyebebeshwa mizigo miwili, umeme na joto. Huwezi kumharakisha kwa mzigo mmoja ukamchelewesha kwa mwingine. Wiedemann na Franz waliliona hilo mwaka 1853: metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri, na uwiano wa mambo hayo mawili, katika halijoto moja, unakaribiana kwa metali nyingi. Maana yake kwa betri yetu ni kali. Kwa kuwa uwiano huo umefungwa, kinachobaki ni volti tu, na hesabu inasema kwamba ili metali ifike ZT ya 1 lazima itoe karibu maikrovolti 156 kwa kila nyuzi. Konstantani, mojawapo ya aloi zinazosifiwa, ipo karibu na 40. Jozi ya chuma na konstantani ikipigiwa hesabu yake nzima hupata ZT ya karibu 0.03. Upande wa moto ukiwa nyuzi 500 na wa baridi nyuzi 50, ufanisi wa kinadharia unatoka kama asilimia 0.6, kabla hujatoa hasara za viungo na nyaya. Kusuka waya vizuri zaidi, kuongeza jozi au kubadilisha umbo la jiko hakuugusi ukuta huo.

Kilichouruka ukuta huo ni nusukipitishi, yaani vitu kama silikoni vinavyopitisha umeme kwa shida kuliko metali, na hapa ndipo mjadala wa mitandaoni unapochanganya mambo kuliko mahali pengine popote. Abram Ioffe na wenzake huko Leningrad walionyesha kwamba katika nusukipitishi unaweza kuongeza volti bila kuongeza sana mtiririko wa joto, kwa sababu elektroni ni chache na joto kubwa hupita kwa mtikisiko wa atomu, ambao unaweza kuuvuruga kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 Wasovieti waliuza kifaa kilichovishwa juu ya taa ya mafuta kikaendesha redio, wati chache tu, kwa watu ambao nguzo za umeme hazikuwafikia. Mwaka 1954 Julian Goldsmid, Uingereza, alionyesha uwezo wa bismuthi teluraidi, ambayo mpaka leo ndiyo iliyomo katika vibamba vingi vya kugeuza joto kuwa umeme vinavyouzwa, na ZT yake ipo karibu na 1. Vyombo vya anga za juu vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 vilibeba kila kimoja majenereta matatu yenye plutoni ya kutoa joto na aloi ya silikoni na jermani: joto la wati zipatazo 7,200, umeme wa wati zipatazo 470 siku ya kuondoka. Hakuna fundi aliyewahi kuvigusa tangu hapo. Ni mfano mzuri sana, lakini anayeutaja ili kuuza betri ya waya za metali anasifia mali isiyo yake. Na hata mfano huo ni wa ufanisi wa asilimia sita na nusu tu.

Tuje kwenye hoja zenyewe. Inayorudiwa sana na wapenzi wa betri hizi, na ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ni kwamba ufanisi hauna maana kwa kuwa joto linalotumika ni la bure: zaidi ya nusu ya nishati tunayochoma hupotelea kwenye moshi, maji ya kupozea na kuta za matanuru, basi hata asilimia moja ya hasara hiyo ni faida. Inasikika vizuri mpaka uipigie hesabu. Ukitaka wati 100 kutoka kwa betri yenye ufanisi wa asilimia 0.6, lazima upitishe ndani yake joto la kilowati 17 hivi. Joto hilo lazima liingie upande mmoja na litoke upande wa pili, na huko linakotoka lazima pawe na kitu cha kulichukua: maji yanayopita, mapezi ya alumini, feni, rejeta. Usipoliondoa, upande wa baridi unapata moto, tofauti ya halijoto inakufa, na umeme unakufa nayo. Kwa betri yenye ufanisi wa asilimia tano wati hizohizo 100 zinataka kilowati 2 tu. Kwa hiyo ufanisi mdogo haumaanishi tu kwamba unapoteza joto ambalo hukulilipia. Unamaanisha kununua mfumo wa kupozea mkubwa mara nane kwa kazi ileile, na alumini, pampu na mabomba si vya bure. Gharama haiko kwenye joto. Iko kwenye eneo la kulipitisha, na kila asilimia unayokosa inalipanua eneo hilo.

Kuna jambo lingine ambalo hoja hiyo hulipita bila kuligusa. Joto la bure likiwa jingi na lenye nyuzi za kutosha, lina wanaoligombea. Tanuru kubwa linaweza kulirudisha kupasha hewa inayoingia, na hapo unaokoa mafuta moja kwa moja. Linaweza pia kuchemsha kimiminika kinachochemka kwa nyuzi chache na kuzungusha turbini ya umeme, kwa ufanisi wa asilimia kumi au zaidi. Cronin Vining, aliyetumia maisha yake ya kazi kwenye vifaa hivihivi, aliandika mwaka 2009 katika jarida la Nature Materials kwamba injini za kawaida zitaendelea kushinda kila mahali palipo na nguvu kubwa, na kwamba umeme wa joto una nafasi pale tu nguvu inayotakiwa ni ndogo, kwa sababu injini hupoteza ufanisi kadiri unavyozipunguza ukubwa, ilhali kibamba cha umeme wa joto hakijali ukubwa wake. Mtu wa ndani alikuwa akiwaambia wenzake ukweli mchungu, na sijaona jibu lililomshinda.

Lakini wabezaji nao wasifurahi mapema. Hoja yao kuu, kwamba kitu chenye ufanisi usiofika asilimia moja hakifai kwa lolote, inakanushwa na kifaa kilichomo katika majiko na hita za maji za gesi duniani kote. Karibu na mwali mdogo wa kuwashia pana kijiti cha metali chenye unene usiozidi wa penseli. Unapobonyeza kitufe cha gesi na kukishikilia kwa sekunde kadhaa, unakingojea kijiti hicho kipate moto. Kikishapata, kinatoa milivolti 20 hadi 30 hivi na mkondo wa kutosha kushikilia sumaku ndogo inayoiacha vali wazi, na unaweza kuachia kidole. Mwali ukizimwa na upepo, kijiti kinapoa, sumaku inaachia, springi inaifunga vali, na gesi haijai chumbani. Hakuna betri ya kubadilisha, hakuna chipu, hakuna programu ya kusasisha. Moto wenyewe ndio unaotoa umeme wa kuthibitisha kwamba upo. Ukikipima kifaa hicho kwa ufanisi utakitupa, na hapo utakuwa umekitupa kifaa kinachookoa maisha. Volti chache na ampea nyingi, kama za ile pete nene ya shaba, hapa ndizo zinazotakiwa, kwa sababu nguvu ya sumaku-umeme hutokana na ampea.

Hoja ya pili yenye nguvu kwa upande wa betri hizi husikika mara chache, labda kwa sababu haina mvuto wa kichwa cha habari. Pale ambapo joto linatakiwa lenyewe, kupasha chumba au maji, joto linalopita kwenye betri halipotei. Asilimia moja inageuka umeme, tisini na tisa zinaendelea na safari yake kwenye maji. Upande wa baridi, ambao kwingine ni mzigo wa gharama, hapa ni tangi unalotaka kulipasha. Katika mfumo wa namna hiyo ufanisi mdogo hauleti hasara ile ya kawaida, na wati tano au kumi zinatosha kuendesha pampu ya kuzungusha maji na kidhibiti chake hata umeme wa gridi ukikatika. Hapa nakubali kwamba wapenzi wa betri ya joto wana haki, ingawa hata hapa vibamba vya bismuthi teluraidi hufanya kazi hiyo kwa nafasi ndogo zaidi. Metali inarudi kwenye mashindano pale moto unapozidi nyuzi ambazo vibamba hivyo huvumilia, kwa kawaida karibu 250 au 300, na pale mtikisiko na kupanuka kwa joto kunapopasua nusukipitishi zilizo tete kama kigae. Pia teluri ni adimu kwenye gamba la dunia na hupatikana hasa kama zao la pembeni la kusafisha shaba, kwa hiyo anayefikiria mamilioni ya vifaa lazima alifikirie na hilo.

Tukirudi Vienna sasa tunaweza kuyasoma matokeo yale kwa utulivu. Watafiti hawakuivunja sheria ya Wiedemann na Franz. Walichofanya ni kuigusa ile tarakimu moja iliyobaki huru, volti kwa kila nyuzi. Ndani ya aloi ya nikeli na dhahabu, elektroni zenye kasi hukwama katika elektroni nzito, za mwendo wa polepole, za nikeli zilizo katika viwango fulani vya nishati, kwa hiyo zile za nishati moja huzuiwa na za nishati nyingine hupita. Upendeleo huo ndio unaozaa volti, na ZT ikafika karibu 0.5, zaidi ya mara kumi ya ile ya jozi yetu ya chuma na konstantani. Kwa metali hiyo ni hatua kubwa kweli. Lakini 0.5 bado ni nusu ya bidhaa iliyopo sokoni kwa miongo kadhaa, na hakuna atakayefunika bomba la moshi la kiwanda kwa dhahabu. Thamani ya kazi ile ni kuonyesha njia ya kutafuta aloi za bei nafuu zenye upendeleo uleule, na ningeanza kuyachukulia kwa uzito madai ya majenereta ya metali siku itakapotokea moja inayotoa maikrovolti 220 kwa nyuzi, ambazo ndizo zinazolingana na ZT ya 2, ikiwa kipande kizima cha kushikika mkononi na si utando uliopakwa juu ya kioo.

Kuna kazi moja ambayo aloi za aina hiyo zinaweza kuipata mapema kuliko umeme, nayo inageuza ubaya wa metali kuwa uzuri. Tangu ugunduzi wa Mfaransa Peltier, mwaka 1834, tunajua kwamba ukipitisha mkondo kwenye jozi unaweza kusukuma joto kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Friji za namna hiyo hutaka kipitishi kibaya cha joto, kwa sababu joto hujaribu kurudi lilikotoka. Lakini chipu ya kompyuta inayochemka haitaki kuwa baridi kuliko chumba; inataka tu joto litoke ndani yake haraka, kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, njia ambayo lingefuata lenyewe. Hapo kipande cha metali hupitisha joto kwa asili yake na mkondo huongeza kasi juu yake, kwa hiyo mizigo miwili ya elektroni inakwenda upande mmoja. ZT haipimi kazi hiyo vizuri hata kidogo, na anayezisoma ripoti zijazo akiangalia tarakimu hiyo peke yake ataipita bila kuiona.